Joka la Stoo ya Magodoro

Jumatatu, 3 Machi

Leo Meneja katukusanya stoo, katikati ya magodoro, akapanda juu ya kreti ili tumwone sote. Habari kubwa! Kiwanda kinafungua kitengo cha kompyuta. Mkuu wa kitengo atapewa kile chumba cha ghorofani chenye dirisha, feni, na mlango unaofungwa kwa ufunguo. Mlango! Mimi karani wa stoo, meza yangu imebanwa kati ya marobota ya sponji, nikipiga chafya natoa vumbi la njano. Chumba kile ni changu. Rohoni nimeshahamia, nimeshatundika na kalenda.

Utaratibu ni huu. Wiki nzima, kila mchana, tunafundishwa kuandika programu kwenye chumba cha mikutano. Jumamosi kila mtu anaonyesha aliyoiandika. Atakayemridhisha Meneja ndiye mkuu.

Nikajua nimeshinda. Kisha nikageuka, nikamwona Mwanyumba ameshakaa mstari wa mbele.

Nieleze, maana hata shajara lazima imjue adui wa mwenyewe. Mwanyumba ni mume wa mdogo wake mke wangu. Yuko idara ya mauzo. Mimi ndiye niliyemwombea kazi hapa, kwa mdomo wangu huu huu. Sasa anavaa shati lililopigwa pasi mpaka mikono inaweza kukata mkate, wateja wanamuulizia yeye tu, na mama mkwe akija mjini hufikia kwake. Eti godoro letu linamuumiza mgongo. Godoro letu na lake ni moja! Nilitoa yote mawili stoo mimi mwenyewe, siku moja! Yeye anaitwa "mwanangu". Mimi naitwa "mkwe".

Si wivu. Nauliza tu haki iko wapi.

Mwalimu ni binti mwenye miwani mikubwa, anaongea upesi upesi. Zoezi letu ni programu inayomuuliza mtu mwaka wake wa kuzaliwa, halafu inamtajia mnyama wake kwa hesabu ya Wachina. Wanyama ni kumi na wawili, kila mwaka una wake, wakiisha wanaanza upya. Mwanyumba akauliza swali. Mwalimu akasema ni swali zuri sana. Na mimi nikauliza la kwangu. Mwalimu akasema hilo ameshalijibu.

Jumanne, 4 Machi

Siri nimeipata! Unachukua mwaka, unaugawa kwa kumi na mbili, jibu unalitupa, unashika baki. Baki ndilo linalokwambia mnyama gani. Basi. Na watu wanaogopa kompyuta.

Mwalimu alitugawia karatasi yenye picha za wanyama kwa mpangilio wao: Panya, Ng'ombe, Chui, Sungura, Joka, Nyoka, Farasi, Mbuzi, Nyani, Jogoo, Mbwa, Nguruwe. Akasema jambo kuhusu mnyama wa kuanzia, kwamba tufikirie kwanza, tusikurupuke. Sikulishika vizuri. Nilikuwa namtazama Mwanyumba anavyotikisa kichwa, utadhani yeye na Mwalimu walisoma pamoja.

Nikaandika orodha yangu vile vile ilivyo kwenye karatasi, Panya mbele. Nikaweka mwaka wangu, 1984. JOKA!

Loh! Joka! Mnyama wa kutema moto, asiye na mwenzake! Nikachungulia kushoto na kulia, nikaona hakuna anayenitazama, nikaingiza mwaka wa Mwanyumba, 1988. NYANI.

Naipenda kompyuta. Sikujua kama ni chombo cha haki namna hii.

Nilipanga nifunge mdomo mpaka Jumamosi, nije kuwapasulia watu bomu mbele ya Meneja. Kufika saa ya chai, kiwanda kizima kilikuwa kinajua. Nilipita kwa akina mama wa cherehani nikawataka wakae vizuri, anayepita ni Joka. Mwanyumba naye nilimwambia mnyama wake kwa upole, ila kwa sauti ya kufika getini. Akacheka! Akasema nyani naye mnyama, tena anajua kupanda. Hata kukasirika hajui. Mtu gani huyu?

Meneja alipopita darasani niliona nafasi yangu. Nikamwomba mwaka wake. Akautaja kwa fahari, 1975. Nikabonyeza huku nikitabasamu. MBUZI.

Meneja alijishika kidevu, pale penye vile vindevu vyake vichache, akavifunika kwa kiganja, akatoka. Darasa zima likainamia kibodi. Nilimfuata mpaka kwenye ngazi nikamweleza kwamba mbuzi ana thamani kubwa sokoni. Nadhani alielewa.

Jumatano, 5 Machi

Siku mbaya. Naandika nikiwa kwenye kochi, ambako nimeambiwa ndiko nitakakolala.

Asubuhi nilianza na mke wangu. Yeye ni wa 1986. Nikapiga hesabu kwa mkono, nikahesabu picha kwa kidole, akatoka Farasi. Akasema alishajua, maana katika nyumba hii nani mwingine anabeba mizigo. Sikulipenda lile jibu lakini nilikuwa na haraka.

Jioni tulialikwa kwa Mwanyumba kumsalimia mama mkwe. Njiani nikala njama. Mama mkwe hajawahi kunisifu hata kwa bahati mbaya. Leo nitamtolea mnyama wake mbele ya wote, nitamsifu kupitia mnyama huyo, na Mwanyumba atabaki na shati lake. Mnyama yeyote atakayetoka, nitampamba. Mpango usio na tundu!

Tulipomaliza kula nikaomba dakika moja ya kikao. Nikamwuliza mama mkwe mwaka kwa adabu zote, macho chini. Akasema 1957. Nikagawa kwa sauti, nikapata baki, nikapeleka kidole kwenye karatasi, na mdomo ukatangaza kabla akili haijauwahi.

Nimemwita mama mkwe ng'ombe.

Shemeji yangu aliacha glasi ikielea karibu na mdomo. Nikajaribu kuokoa jahazi. Nikasema ng'ombe ni mnyama wa maana, ana maziwa, ana ngozi, analima bila kulalamika. Kila nilipoongeza sifa, mke wangu alifumba macho. Mama mkwe akamgeukia yeye, si mimi, akasema amezaa mabinti wawili, amewalea, amewaoza kwa heshima, na leo ndiyo malipo yake.

Hapo Mwanyumba akaingia. Akamwambia mama atulie, hizo ni hesabu tu za darasani, pengine zina kosa, yeye ataziangalia. Mama mkwe akamshika mkono akamwita mwanangu. Mara mbili!

Kurudi nyumbani mke wangu alitembea mbele, mimi nyuma. Nilipomkumbusha kwamba ni mashine iliyosema, alinijibu kwamba mashine haikuwepo pale, nilikuwepo mimi na kidole changu.

Alhamisi, 6 Machi

Aibu! Aibu tupu!

Mwalimu alituambia tujaribu programu zetu kwa mwaka huu tulio nao, maana mnyama wake anajulikana dunia nzima. Ni Nyoka. Za wenzangu zikasema Nyoka. Yangu ikasema Jogoo. Mwalimu akasimama nyuma ya kiti changu akasema hapa kuna mawili: ama Wachina wote wamekosea, ama mimi. Nikasema huenda Wachina. Watu walivunjika mbavu.

Kumbe mwaka ukigawanyika kwa kumi na mbili bila kubaki kitu, huo ni mwaka wa Nyani. Panya anakuja baadaye kabisa. Kwa hiyo ndani ya programu orodha inaanza na Nyani, hata kama kwenye karatasi Panya ndiye amekaa mbele kwa kiburi. Hilo ndilo Mwalimu alilotuonya Jumanne, wakati nikimkodolea macho mtu. Wanyama wangu wote walikuwa wamekaa kwenye viti vya wenzao.

Nikawapanga upya. 1984: PANYA. 1988: JOKA.

Panya! Katika kiwanda cha magodoro! Hapa hatuna adui mwingine. Mimi ndiye ninayetega mitego kila jioni. Akina mama wa cherehani wameniuliza kama leo nitaweka mtego au nitaingia mwenyewe. Mmoja wao, yule wa pindo, aliponiona nimeshika kipanya cha kompyuta akaomba tusitenganishwe, sisi ni ndugu.

Na Joka mwenyewe unajua alifanya nini? Alikuja taratibu mpaka mezani pangu, akasema huu ni mchezo tu, nisiumie, na kama nataka atanisaidia kuisafisha orodha yangu. Afadhali angenicheka! Angenicheka ningepata cha kumchukia. Sasa nimebaki kumchukia hivi hivi, bila sababu, kama kichaa.

Haya, niseme. Hii ni shajara yangu na hakuna anayeisoma. Ninamwonea wivu. Ninamwonea wivu shati. Ninamwonea wivu anavyokunja miguu akikaa. Ninamwonea wivu hata jinsi simu yake inavyolia, watu wanageuka kwa upendo. Chumba kile akikipata yeye, nitakuwa nakiona kila nikitoka stoo, dirisha likinitazama, na kila sikukuu ya ukoo nitasikia habari za feni yake. Siwezi. Roho itapasuka.

Nyumbani nilimweleza mke wangu kwamba kwa hesabu sahihi yeye ni Chui. Akasema hapo sasa kompyuta imeanza kupata akili. Mama mkwe amegeuka Jogoo. Nilitaka kwenda kumpa habari hiyo njema mimi mwenyewe, lakini Mwanyumba alishampigia simu. Amefurahi. Amesema ni kweli, yeye ndiye anayeamsha nyumba.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefufuka!

Baada ya darasa nilibaki nyuma nikijifanya natafuta kalamu. Nikamwuliza Mwalimu kama kuna njia yoyote, ya halali, ya mtu kuacha kuwa Joka. Nilisema namuulizia rafiki. Mwalimu akavua miwani. Akasema ni swali zuri sana! Mimi! Swali zuri! Nilitamani alirudie neno hilo Mwanyumba asikie, lakini alikuwa ameshaondoka.

Akanieleza kwamba mwaka wa Wachina hauanzi tarehe mosi Januari kama wetu. Unaanza mwishoni mwa Januari, au Februari. Kwa hiyo aliyezaliwa Januari mara nyingi huhesabiwa na mnyama wa mwaka uliotangulia. Tarehe kamili hubadilika kila mwaka, lakini kwa zoezi la wanaoanza tunaweza kuichukua Januari yote kuwa ya mwaka wa nyuma.

Mate yakanijaa mdomoni. Mwanyumba ni wa Januari! Nani asiyejua? Kila Januari ukoo mzima unajazana kwake, keki kubwa, mama mkwe ndiye anayeikata. Basi yeye si wa 1988. Kwa Wachina ni wa 1987. Nikahesabu. SUNGURA! Joka lote lile limenywea, limekuwa kisungura cha masikio!

Nikaketi nikaandika. Programu yangu sasa inauliza na mwezi. Ukijibu Januari, inapunguza mwaka mmoja kabla ya kugawa. Mistari michache tu, lakini jasho lilinitoka. Mwalimu akaijaribu mara kadhaa, akasema darasa zima hakuna aliyefikiria jambo hili, na kwamba asubuhi atamwambia Meneja ya kwangu ndiyo bora. Niliganda. Nina programu bora! Yangu! Bora kuliko ya Mwanyumba!

Mtu mwenye akili angefurahi na hilo. Na mimi nimefurahi. Lakini zaidi nimefurahia sungura.

Nimepiga shati pasi kwa ajili ya kesho. Nimeunguza kola.

Jumamosi, 8 Machi

Ngoja niandike yote kabla sijaanza kujidanganya.

Chumba cha mikutano kilijaa. Meneja mbele, akina mama wa cherehani wamesimama ukutani, programu inaonekana kwenye skrini kubwa. Mwanyumba alitangulia. Safi, fupi, haina kosa. Makofi. Kisha Mwalimu akanitambulisha mimi, akasema ya karani wa stoo ina kitu ambacho za wengine hazina, waangalie kwa makini. Meneja akaitikia kwa kichwa. Chumba cha ghorofani kilikuwa kiganjani mwangu. Ningemwomba yule mama wa pindo ataje mwaka wake, programu ijibu, nikae chini, basi. Mlango, feni, ufunguo, vyote vyangu.

Nikamwita Mwanyumba mbele.

Nikamwambia asiogope. Mwaka? Akasema 1988. Nikawageukia watu nikasema kwa sauti kwamba sasa tutaona kama kila anayeitwa joka ni joka kweli. Mwezi? Januari. Nikabonyeza kwa kidole kilichonyooka. SUNGURA. Nikageuka kusubiri kicheko.

Wapi! Makofi na vigelegele. Sungura mjanja, wakasema, ndiyo maana anauza hata magodoro yaliyopinda. Nilikuwa nimesahau. Utoto mzima nimesimuliwa hadithi ambazo sungura anamlaza simba na viatu, na bado nilidhani namshusha mtu hadhi kwa kumwita sungura. Meneja, ambaye tangu Jumanne alikuwa akitembea ameshika kidevu, akaomba na yeye arudiwe. 1975, Agosti. SUNGURA! Akainuka kwenye kiti. Akamkumbatia Mwanyumba, sungura kwa sungura, nyuso zao zinang'aa.

Nilijikaza. Bado nilikuwa sijapoteza kitu. Ndipo Mwalimu, bila ubaya wowote, akasema mwenye programu naye ajaribu ya kwake.

Niliandika 1984. Mashine ikauliza mwezi.

Januari. Na mimi ni wa Januari! Mtu anasahauje mwezi wake mwenyewe? Hivi: kila Januari mimi niko nyumbani kwa Mwanyumba nabeba viti vya sherehe yake. Hakuna aliyewahi kunikatia keki, na mimi nikaacha kuhesabu. Wiki yote nimeijenga silaha hii, na haikunipitia hata mara moja kwamba imeelekezwa na kwangu.

Nikaandika Agosti. Mwanyumba, aliyekuwa bado amesimama pembeni yangu, akaninong'oneza kwa wema wake wote kwamba nimekosea, mimi si wa Agosti, mimi ni wa Januari kama yeye, anakumbuka. Alinong'ona, lakini hata akina mama wa ukutani walisikia. Nikafuta, nikaandika Januari.

NGURUWE. Kwenye skrini kubwa.

Sijui kicheko kilianzia upande gani. Ninachojua ni kwamba mkono wangu ulienda wenyewe. Mbele ya watu wote nikaanza kuifuta ile mistari ya Januari, nirudi kuwa Panya, Panya tu, nilikuwa nimeshamzoea! Nikafuta kwa pupa, nikabonyeza. Maandishi mekundu yakajaa skrini. Nilikuwa nimefuta na wanyama. Mwalimu akafunika uso.

Meneja akasubiri kicheko kiishe. Akasema alikuja asubuhi akiwa ameshaamua kunipa mimi, kwa neno la Mwalimu, na yale ya mbuzi alishayasamehe. Lakini kompyuta za chumba kile zitashika mishahara ya watu na hesabu za mauzo. Mtu anayefuta jibu kwa kuwa halimpendezi, yeye Meneja hawezi kumkabidhi ufunguo. Akampa Mwanyumba.

Na Mwanyumba alipoupokea, kitu cha kwanza alichoomba ni mimi niwe msaidizi wake. Meneja akakubali. Nitawekewa kiti karibu na mlango. Nikasema ahsante.

Jumapili, 9 Machi

Kutwa nzima kwa Mwanyumba, kumpongeza. Mama mkwe aliniambia pole, mkwe, kwa sauti ya kumwonea huruma mgonjwa. Nilibeba viti.

Mke wangu alinivuta uani, tukakaa kwenye ngazi. Alikwisha kusikia yote. Akasema yeye hakuolewa na chumba chenye feni, aliolewa na mimi, na angetaka nimwache mume wa mdogo wake apumue. Kisha akasema ameona aibu kwamba miaka yote hii na yeye hakuikumbuka Januari yangu, na ijayo keki itakuwa na jina langu, atakayetaka aje, asiyetaka akae. Machozi yalinilengalenga. Nikamshika mkono. Nikaapa kwamba yamekwisha, mimi na Mwanyumba ni ndugu, sitamfanyia njama tena maisha yangu yote. Nilimaanisha kila neno.

Tuliporudi sebuleni nikakiona kitabu mezani, zawadi ya Mwalimu kwa mkuu mpya wa kitengo. Nikakifungua tu, kupoteza wakati. Kumbe kila mwaka wa Wachina, mbali na mnyama, una na asili yake! Unaangalia tarakimu ya mwisho. Tano ni mti. Saba ni moto. Tatu ni maji. Nikasimama bila kujijua. Meneja, 1975: Sungura wa Mti. Mwanyumba, 1987: Sungura wa Moto. Moto na mti chumba kimoja! Atamteketeza bosi wake, maskini Meneja wa watu, na hajui! Na mimi je? Wa 1983 kwa Wachina. Nguruwe wa Maji! Maji yanazima moto, maji yanakuza mti! Kiwanda kizima kinanihitaji mimi!

Hii si njama. Hii ni tahadhari ya moto, na kesho asubuhi Meneja ataiona kwenye skrini. Tatizo ni moja tu, sijui namna ya kuiambia kompyuta ishike tarakimu ya mwisho peke yake. Nimemwomba Mwanyumba anielekeze. Amekubali hapo hapo, ameacha wageni wake, yuko ndani anatafuta kalamu. Maskini, hajui kinachomjia.